Msituambie kichocho ni uzembe

Najua nimepotea. Testi zilibana, bumu limeisha, si mnajua tena maisha ya chuo. Leo nimerudi na hasira, mniwie radhi.

Jana usiku tulikuwa kwenye diskasheni, watu sita na desa moja. Tukafika kwenye kichocho. Jamaa mmoja, kwao Dar, akasema eti kichocho kinaisha watu wakielimika tu, ila huko Simiyu watu hawataki kuelimika. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka kidogo, kwa aibu, halafu nikalala na donge. Jana nilikosa maneno, basi namjibu hapa.

Kaka, mimi ni mtoto wa Itilima, pale jirani na Bariadi. Nilipokuwa shule ya msingi tulikojoa damu tukadhani ndiyo kukua. Ambaye yake haijaanza tulimcheka! Lambo letu lilichimbwa kwa ajili ya ng'ombe. Humo humo ng'ombe wanakunywa, mama anafua, watoto tunaogelea. Pembeni kuna majaruba ya mpunga, unasimama kwenye maji mpaka magotini kutwa nzima. Mpunga huo ndio ulionisomesha. Niambie unalimwaje bila kukanyaga maji, nitakusikiliza.

Elimu tunayo bwana. Mwalimu wa sayansi alituchorea ubaoni: mtu anakojoa majini, mayai yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwenye konokono, vikitoka vinapenya ngozi ya mtu. Habari ya konokono Mskoti Robert Leiper aliithibitisha kule Misri mwaka 1915, siyo jambo geni. Swali hilo nilipata alama zote, na saa kumi jioni nikaenda kuoga lambo lile lile. Kwani nikaoge wapi?

Vidonge navyo tulimeza. Mnapangwa mstari, unapimwa urefu, unapewa praziquantel yako. Dawa nzuri, inaua minyoo iliyokomaa, lakini haizuii kuambukizwa upya. Jioni uko majini tena. Ni kuchota maji kwa tenga.

Wataalamu wanashauri maji ya kuoga yakae siku mbili kwenye ndoo ili vile vijidudu vife. Ni kweli, vinakufa. Sasa nyumbani kwetu tuko watu tisa na ndoo mbili. Piga hesabu wewe uliyeelimika.

Kinachoniuma zaidi ni akina dada. Kichocho cha mkojo kinaweza kuacha mayai kwenye mlango wa kizazi, mtu akapata vidonda, akatokwa damu, hata akawa mgumba. Dalili zake zinafanana na za magonjwa ya zinaa. Dada yangu alienda zahanati moja, akarudi na dawa za gono na maneno ya kumdhalilisha. Kijiji kizima kikajua. Mchumba akaghairi. Mtoto wa watu kapata ugonjwa kwa kupandikiza mpunga, anaitwa malaya! Halafu mtu aniletee habari za kuelimika.

Tunachotaka ni maji, maji ya karibu na nyumba. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha fedha za mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria kwenye wilaya zote tano za Simiyu, yaani Busega, Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu. Siupingi hata kidogo. Ila mabomba yakiishia Bariadi mjini kwa wenye matenki, sisi wa vijijini tutabaki na konokono wetu. Na kituo cha maji kisiwe bomba la kuchotea ya kunywa basi. Kiwe na pa kufulia na pa kuogea, maana kichocho kinaingilia kwenye ngozi, siyo kwenye glasi ya maji. Ng'ombe wajengewe mbauti yao. Majarubani kuwe na vyoo, kwani mtu aliye shambani tangu alfajiri ajisaidie wapi?

Wewe jamaa yangu, likizo twende wote kwetu, nauli ya basi nitakuchangia. Mama atakupikia wali wa majaruba hayo hayo, utashiba. Jioni ukitaka kuoga niambie, nikuonyeshe njia ya lambo.