Walipigania Uhuru, Wakanyimwa Uhuru

Wahenga walinena kwamba asante ya punda ni mateke. Msemo huu hunijia kila nisomapo habari za vita vya uhuru wa Marekani, vya 1775 hadi 1783. Wengi humsifu George Washington na kuishia hapo. Je, wale Weusi wapatao 5,000 waliopigana upande wake wako wapi?

Kwanza walikataliwa. Mwaka 1775 Washington, ambaye mwenyewe alimiliki watumwa, alizuia Weusi wasiandikishwe jeshini. Mwaka huo huo Dunmore, gavana Mwingereza wa Virginia, akawaahidi uhuru watumwa wa waasi watakaomkimbilia na kushika bunduki. Watumwa wakaanza kutoroka. Baadaye, mwaka 1778, Rhode Island ilipokosa askari ikaandika watumwa: aliyeandikwa alikuwa huru, na bwana wake akalipwa fidia. Sasa niambieni, ni upendo uliofungua mlango huo? La hasha! Ni shida tu.

Kisa kinachoniuma zaidi ni cha James, mtumwa wa Virginia. Mwaka 1781 alitumika katika kambi ya Cornwallis, jenerali wa Waingereza, kumbe ni mpelelezi wa Jenerali Lafayette! Vita vikaisha, Marekani ikawa huru, naye James akarudi utumwani. Mbona? Kwa sababu sheria ya Virginia ya 1783 iliwafungua watumwa waliopigana badala ya mabwana zao. Yeye alikuwa mpelelezi, si askari, basi ati hakuhesabiwa. Ilibidi aombe, na Lafayette amwandikie cheti, ndipo akaachiliwa mwaka 1787.

Kuna watakaosema kwamba wengi wa askari hao walipata uhuru wao. Ni kweli, wapo waliopata. Lakini utumwa wenyewe ulidumu Marekani hadi 1865. Uhuru wa nchi haukuwa uhuru wa kila aliyeupigania.

Kwa maoni yangu, anayemwita mwenzake vitani anadaiwa, na deni hilo halifai kungoja barua ya maombi. Nasi wanafunzi tukiandika insha za mashujaa, tusiishie kwa majenerali. Tuulize pia: nani alibeba bunduki, nani alipeleleza, na vita vilipokwisha alirudi nyumbani akiwa nani?

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.