Sahara Magharibi na Neno "Kujitenga" Katika Magazeti Yetu

Mwezi Mei 2025, Simba ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane ya Moroko. Ilifungwa 2-0 ugenini, kisha ikatoka sare ya 1-1 katika Uwanja wa Amaan, Zanzibar. Kuanzia Mabogini hadi Marangu, vijana waliweza kukutajia kikosi cha Berkane jina kwa jina. Ni wachache mno wangeweza kukueleza kwa nini, mwezi Aprili 2024, mchezo wa klabu hiyohiyo dhidi ya USM Alger ulishindwa kufanyika mjini Algiers. Jezi za Berkane zilikuwa na ramani ya Moroko iliyoimeza Sahara Magharibi yote, na mamlaka za Algeria zikazizuia.

Lawama siwatupii vijana. Msomaji hujua kile alichoandikiwa. Habari za Sahara Magharibi hutufikia mara chache, na nyingi ni tafsiri za taarifa za mashirika ya nje. Pamoja na tafsiri huja msamiati: Polisario ni "kundi linalotaka kujitenga", na nchi yenyewe ni "eneo linalogombaniwa". Neno la pili lina ukweli ndani yake. La kwanza linatoa hukumu kabla ya shauri kusikilizwa, kwa kuwa hujitengi na nyumba ambayo hukupata kuwa sehemu yake.

Tuutazame ushahidi. Umoja wa Mataifa uliiweka Sahara Magharibi katika orodha ya maeneo yasiyojitawala mwaka 1963, ikiwa koloni la Hispania. Tarehe 16 Oktoba 1975, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikiri kwamba baadhi ya makabila ya huko yalikuwa na utii kwa Sultani wa Moroko, lakini haikuona uhusiano wa mamlaka juu ya ardhi unaoweza kuwanyima wenyeji haki ya kujiamulia mambo yao. Moroko iliingia hata hivyo. Tanzania iliitambua Jamhuri ya Kiarabu ya Kidemokrasia ya Sahara mwaka 1978, na jamhuri hiyo ni mwanachama wa Umoja wa Afrika hadi leo.

Sisi wa kaskazini tuna sababu ya ziada ya kulielewa jambo hili. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka ardhi yao ya Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet, akiandamana na Earle Seaton, wakili aliyefanya kazi hapa Moshi, alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa mjini New York kueleza dhuluma hiyo. Wasahara hufika mbele ya chombo hichohicho kila mwaka na shauri la namna ileile. Kwa serikali ya kikoloni, Wameru walikuwa wakaidi wasiojua manufaa yao. Ingekuwaje kama historia yao ingebaki kuandikwa kwa maneno ya aliyewafukuza?

Mhariri atanijibu kwamba mpira unauza gazeti na Sahara ni mbali. Nakubali kuwa gazeti ni biashara. Lakini safari ya Berkane haikuwa fupi, na nafasi ya kuiandika ilipatikana. Mwingine atasema Moroko ni mshirika wa maendeleo, na tangu ziara ya Mfalme Mohammed VI nchini mwaka 2016 serikali inao uhusiano wa kulinda. Hiyo ni kazi ya wanadiplomasia. Mwandishi hakuapishwa kuifanya. Haki inataka vilevile kwamba hoja ya Moroko iandikwe, na Polisario ihojiwe juu ya maisha ya wakimbizi katika kambi za Tindouf.

Jambo hili lina uharaka. Tarehe 31 Oktoba 2025, Baraza la Usalama lilipitisha azimio linaloufanya mpango wa Moroko wa mamlaka ya ndani kuwa msingi wa mazungumzo. Siku hizo nchi yetu ilikuwa na msiba wake na intaneti imezimwa, hivyo habari hiyo ilitupita wengi. Tukiendelea kutoifahamu, siku serikali itakapotakiwa kuthibitisha au kubadili msimamo wa mwaka 1978, uamuzi utafanywa bila wananchi kujua kuwa kulikuwa na msimamo.

Mwaka 1958 wahariri wa *Mwafrika* walifungwa kwa yale waliyoyachapa dhidi ya ukoloni. Wahariri wa leo hawaombwi kwenda gerezani kwa ajili ya Sahara. Wanaombwa ukurasa mmoja wenye ramani sahihi, na mwandishi atakayelipima neno "kujitenga" kabla ya kulitafsiri. Nanyi wanafunzi mnaotafuta mada za tasnifu, yahesabuni maneno hayo katika magazeti yetu ya miaka kumi iliyopita, kisha mtuletee majibu.