UCHAMBUZI: Kalenda ya vyama yawakwamisha wakulima wadogo

HABA na haba hujaza kibaba, na katika vijiji vingi nchini kibaba hicho hujazwa na vyama vya kuweka akiba na kukopeshana. Hata hivyo, fedha hizo mara nyingi humfikia mkulima wakati ambapo shamba haliwezi kunufaika nazo.

Mfumo unaofuatwa na vingi vya vyama hivi uliasisiwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka wa 1991. Wanachama wapatao 15 hadi 25 hukutana kila wiki au kila mwezi, wakanunua hisa na kuweka fedha katika sanduku lenye kufuli tatu. Funguo hushikwa na watu tofauti. Anayehitaji hukopa kwa muda mfupi, aghalabu miezi mitatu, na mwishoni mwa mwaka kila mmoja hugawiwa akiba yake pamoja na faida.

Mpango huu umewafaa maelfu ya watu waliopuuzwa na benki kwa kukosa hati za ardhi au mshahara, hasa wanawake. Kasoro iliyopo ni ya kalenda.

Vyama vingi hugawana fedha Desemba. Krismasi huchukua sehemu yake, na Januari karo huchukua iliyosalia. Mvua ya masika inapoanza Machi, mkulima hana fedha za mbegu wala mbolea.

Akikopa Sh6,000 Machi, atadaiwa kulipa Juni, ilhali mahindi ya nyanda za juu za Bonde la Ufa huvunwa kuanzia Oktoba. Hapo hulazimika kuuza kuku au mbuzi ili alipe deni la shamba ambalo halijampa chochote. Haishangazi kwamba wengi hukopea biashara ndogondogo, ambazo huzalisha fedha kila siku, na kuliacha shamba lijitegemee.

Utafiti uliofanywa Busia na wanauchumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson, na kuchapishwa mwaka wa 2011, ulionyesha uzito wa suala hili. Wakulima wengi walikuwa na nia ya kununua mbolea, lakini msimu ulipowadia hawakununua. Walipopewa nafasi ya kuilipia punde tu baada ya mavuno, na kuletewa bila gharama ya usafiri, idadi ya walioitumia iliongezeka.

Funzo hilo lahusu hata mbolea ya ruzuku. Serikali ilipopunguza bei ya gunia la kilo 50 hadi Sh2,500 mwaka wa 2023, nafuu hiyo ilimfaa tu aliyekuwa na fedha mkononi wakati huo.

Vyama vinaweza kurekebisha hali hii bila kungoja msaada. Kwanza, kila mwanachama atenge sehemu ya mgao wa Desemba kununulia pembejeo kwa pamoja, kabla fedha hazijatawanyika. Karo si anasa, hivyo sehemu hiyo iamuliwe na kila mmoja kulingana na uwezo wake. Pili, mkopo wa shamba uwe na masharti yake, ulipwe baada ya mavuno.

Hatari ipo. Ukame huwapata wanakijiji wote kwa pamoja, kama ilivyoshuhudiwa maeneo kame kati ya 2020 na 2022. Chama kilichokopesha fedha zake zote kwa mahindi kitazama na wanachama wake. Ndiyo maana mikopo ya aina hiyo yapasa kuwekewa kikomo, na akiba nyingine ihifadhiwe katika Sacco au benki nje ya kijiji.

Akina mama hawa wamekwisha kuthibitisha kwamba wanaweza kuweka akiba. Linalosalia ni katiba za vyama kutambua kwamba wanachama wake ni wakulima, na kwamba mwaka wa mkulima huanza na mvua.