Wao walipigia kura koa, sisi tukaletewa wajumbe

Hebu nikuulize, komredi. Nembo ya chuo chako ina nini? Usichungulie kitambulisho! Najua umekwama. Kuna kitabu, kuna mwenge, halafu chini kuna maneno ambayo hakuna aliyewahi kukueleza maana yake.

Sasa swali la pili. Yule tumbili aliyeingia kwa dirisha la hosteli akabeba mkate wako wote siku umebaki na hamsini bob, unamkumbuka? Huyo huwezi kumsahau. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinilemea, na hadi leo nikikutana na wasee wetu wa enzi hizo, tunaanza na stori za tumbili. Nembo hatuitaji kabisa.

Ndiyo maana nawapenda sana wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, kule Marekani. Chuo chao kilifunguliwa 1965, katikati ya msitu. Humo msituni kuna koa, yule konokono asiye na nyumba, mwenye rangi ya ndizi mbivu na anayeweza kufika urefu wa sentimita 25. Hana mbio, hana makucha. Ana ute tu. Vyuo vingine vinajiita dubu, tai, chui. Hawa wakasema, sisi ni koa. Basi.

Wakubwa hawakufurahi. Mwaka 1980 baadhi ya timu zilipotaka kuingia mashindano rasmi ya vyuo, mkuu wa chuo Robert Sinsheimer alitangaza kuwa mnyama wao ni simba wa baharini. Lakini unadhani wanafunzi walibadilisha wimbo? Wapi! Waliendelea kumshangilia koa wao miaka yote hiyo, hadi 1986 wakapiga kura. Koa akashinda kwa kishindo. Mkuu bado akakaza, akasema wanamichezo ndio wanaofaa kuamua. Wanamichezo nao wakaulizwa, wakasema koa. Mzee akakubali yaishe. Leo koa ndiye mnyama rasmi, na ukitazama filamu ya Pulp Fiction ya 1994, utamwona John Travolta amevaa tisheti ya chuo hicho yenye picha yake.

Utaniambia huu ni utoto, kwamba sisi tuna shida kubwa kuliko konokono. Ni kweli, shida tunazo. Lakini angalia vizuri kilichotokea hapo. Vijana walisema jambo, mkubwa akakataa, wakahesabiwa kura, mkubwa akafuata hesabu. Ukishaona kura yako imeangusha simba, utaogopa nini tena maishani?

Sisi je? Mwaka 2016 Sheria ya Vyuo Vikuu ilibadilishwa, ukaletwa mfumo wa wajumbe. Badala ya wewe kumchagua rais wa wanafunzi moja kwa moja, ulichagua mjumbe, naye akakuchagulia. Nilipanga foleni juani, nikampa kura dada mmoja niliyekuwa nimemwona mara moja tu, kwenye bango. Alimpigia nani kura huko ndani? Hadi leo sijui, na hakuna aliyeona haja ya kuniambia. Wengi wetu tulijifunza siku hiyo kuwa kura ni kitu cha kumkabidhi mtu mwingine. Halafu uchaguzi mkuu ukifika mnatuuliza mbona vijana hatujitokezi kujiandikisha!

Wewe uliye bado chuoni, kampeni zikianza muhula huu, usiulize wagombea wataleta bendi gani. Waulize kama watapigania kila komredi ampigie rais wake kura mwenyewe. Na kama unataka kuanza mazoezi mapema, itisheni kura ya tumbili wa hosteli. Mimi nilishafukuziwa karo, lakini huyo naye hajawahi kulipa hata ndururu na bado yuko hapo, juu ya paa.