Jikaze Si Dawa ya Bega



Todonyang ikitajwa kwenye habari, jua ni risasi. Mpaka wa Ethiopia, wavuvi wamevamiwa, nyavu zimepotea, watu wamekufa, mwisho wa taarifa. Leo naitaja Todonyang kwa sababu nyingine kabisa: mabega. La kwangu na la mjomba wangu. Na nataka tubishane kuhusu neno moja ambalo naona limeharibu miili ya vijana wengi kuliko tunavyokubali. Neno lenyewe ni "jikaze."

Wacha nianze na langu.

Mimi nacheza kriketi. Ndiyo, najua, Mturkana na kriketi wapi na wapi? Nilikutana nayo Nairobi nikiwa chuo. Nilikuwa najipitia tu kando ya uwanja, mpira ukanijia, nikaurudisha. Jamaa wakabaki mdomo wazi. Mimi sikuona maajabu. Ukikua ukirudisha mbuzi kwa mawe, mkono hujifunza wenyewe. Shida ni kwamba kwenye kriketi huruhusiwi kutupa kama jiwe. Sheria ya kimataifa inataka kiwiko kisinyooke zaidi ya digrii 15 mkono ukizunguka. Ilinichukua miezi kuufundisha mkono tabia mpya. Halafu nikanogewa. Kuboli ikawa kitu cha kwanza nilichokiwaza asubuhi.

Muhula wangu wa mwisho chuoni nilikuwa narusha karibu kila siku. Bega la kulia likaanza kuuma. Kwanza lilikuwa linauma baada ya mazoezi, baadaye nikivaa shati, mwishowe hata nikiwa nimelala. Usiku ndio ulikuwa mbaya. Nikamwambia nahodha wetu. Jibu lake: "Jikaze bro, ni misuli tu hiyo." Nikanunua vidonge vya maumivu, nikameza viwili kabla ya mechi, nikarusha ova nane. Ya tisa sikuimaliza. Kitu kilivutika ndani, mkono ukaishiwa nguvu, mpira ukaanguka miguuni pangu. Nikauangalia tu.

Muhula huohuo karo nayo ikakwama. Bega na chuo vikaniacha pamoja, nikapanda basi la Lodwar.

Simlaumu nahodha peke yake. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeamini kwamba mwanaume halalamiki. Lakini fikiria hili: ukimeza kidonge ili urushe, bega halijapona, umelinyamazisha tu. Ni kama moto umewaka jikoni, na wewe unamfukuza mtu anayepiga kelele za moto.

Fizio aliyenihudumia Lodwar alinifungua macho kwa kitu ambacho kila mtu huku anakijua. Akauliza, "Umeona mzee akilala na kichwa juu ya ekicholong?" Nani hajaona? Kichwa kikubwa, kigoda kidogo, na shingo ndiyo inayofanya kazi ya kukishikilia. Bega liko hivyohivyo. Mfupa wa mkono una kichwa kikubwa cha mviringo, na kikalio chake kwenye bega ni kidogo na hakina kina. Ndiyo maana mkono unaweza kuzunguka pande zote kuliko kiungo kingine chochote mwilini, na ndiyo maana ni rahisi kuuharibu. Kinachosaidia sana kukiweka kile kichwa mahali pake ni misuli minne midogo na kano zake. Hiyo minne ndiyo niliyokuwa naichosha kila siku bila kuipa nafasi ya kujijenga.

Nilitarajia aniambie nipumzike miezi mitatu. Hapana. Alisema niache kurusha, ila nisiache kusogeza mkono, kwa sababu bega lisilosogezwa kabisa huganda. Akanipa kazi. Unakata tyubu kuukuu ya baiskeli, unafunga upande mmoja kwenye mlango. Kiwiko kinabaki kwenye mbavu, katikati unabana leso iliyokunjwa, halafu unavuta tyubu polepole ukigeuza mkono kwenda nje. Mara 15, unapumzika, unarudia, unarudia tena. Kesho hivyohivyo.

Maze, inaboesha! Niliposti video yangu nikivuta tyubu, hakuna aliyetazama hadi mwisho, hata mama yangu. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini tunapenda "jikaze." Kujikaza kuna stori. Mtu aliyecheza akiwa ameumia anaimbwa, lakini aliyevuta tyubu ya baiskeli wiki nane haimbwi na mtu.

Katikati ya hiyo safari nikaenda Todonyang kumsalimu mjomba. Ni mvuvi tangu kabla sijazaliwa. Nikamwona akijaribu kuvaa kofia kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haukuweza kupanda zaidi ya kidevu. Kuvuta nyavu miaka yote hiyo, usiku, zikiwa zimelowa na nzito. Nikajifanya daktari:

"Mjomba, kwa nini usipumzike kidogo?"

Akacheka. "Na samaki watawaambia watoto wangu wapumzike kula?"

Hapo maoni yangu yote yalipigwa teke. Ni rahisi kwangu kuhubiri mapumziko. Mimi nikikosa kurusha, hakuna anayelala njaa. Mjomba akikosa kuvuta, sufuria inakosa. Na pale Todonyang huwezi kusema utaenda ziwani siku nyingine salama zaidi, maana usalama wenyewe hautabiriki. Siku ya utulivu ikipatikana, unaingia majini, bega liume lisiume. Kwa hiyo kama una hoja kwamba kujitunza ni anasa ya watu wa mjini, nakusikia. Nimeikalia hiyo hoja siku nyingi.

Lakini hebu tumalize hesabu. Mjomba akijikaza mwaka mwingine na bega likakatika kabisa, atavuta kwa nini? "Jikaze" inakukopesha siku ya leo halafu inakudai mwaka mzima.

Nilichojifunza kwa fizio ni kwamba kuna njia ya katikati. Nguvu ya kurusha mpira haianzi begani. Inaanza miguuni, inapita kiunoni na mgongoni, bega linaipokea na kuipitisha. Kuvuta wavu ni vilevile. Mjomba alikuwa anavuta kwa mkono tu huku miguu imelala. Tukakaa na wenzake wa mtumbwi. Kwa wiki kadhaa vijana wavute sehemu nzito, yeye ashike upondo kwa mkono mzima na kushona nyavu zilizochanika, mgao wake upungue kidogo lakini usife. Kijana mmoja akasema mzee ameanza kuzeeka. Mjomba akamuuliza nani alimfundisha kushona wavu. Kimya.

Nikamwachia tyubu yangu.

Sasa hapa ndipo nataka wakubwa wanisikie. Kutoka Todonyang kumfuata fizio Lodwar ni safari ya siku nzima, pesa, na barabara ambayo yenyewe inakuvunja mgongo. Lakini mwaka 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii takriban 100,000 nchi nzima, wakapewa vifaa waende nyumba kwa nyumba. Hao wanaweza kufundishwa vitu vichache kuhusu bega: mazoezi matatu ya tyubu, dalili zinazohitaji hospitali haraka, na lini mtu aache kubeba kizito. Hakuna mashine ya kununua hapo.

Na makocha wetu pia. Kakuma ilitoa wakimbiaji watano kwenye ile timu ya kwanza ya wakimbizi, Olimpiki ya Rio 2016. Mmoja wao, James Chiengjiek, amesimulia jinsi walivyoumia mazoezini kwa sababu ya viatu visivyofaa. Vipaji vipo huku, wasee. Vinapotelea kwenye majeraha ambayo yangetibika.

Kurudi kwangu kulikuwa kwa aibu kidogo. Laga ya Kawalase ikiwa kavu, mpira wa tenisi uliofungwa tepu, fimbo tatu za mkoma badala ya wiketi. Fizio alisema mipira sita, nusu ya nguvu, kisha siku mbili bila kurusha. Bega likikubali, 12. Likiuma usiku, narudi nyuma hatua moja. Mpira wa kwanza ulienda mbali na fimbo hadi mbuzi aliyekuwa akila kando hakujisumbua kuinua kichwa. Niligundua bega lilikuwa tayari, mimi ndiye nilikuwa naogopa. Hiyo hofu hakuna anayekuonya.

Kilichonitia moyo ni Dale Steyn wa Afrika Kusini. Alivunjika mfupa begani Novemba 2016 akicheza Perth. Alirudi mechi za Test Januari 2018, zaidi ya mwaka mmoja, na katika mechi hiyohiyo akaumia kisigino. Angeweza kuacha. Desemba 2018 akampita Shaun Pollock na kuwa mwenye wiketi nyingi zaidi za Test katika historia ya nchi yake. Na hapa kwetu kuna Collins Obuya, aliyewaangusha Sri Lanka watano Nairobi kwenye Kombe la Dunia 2003. Baadaye urushaji wake ulififia, akajijenga upya kama mpigaji, na Kombe la Dunia 2011 akapiga 98 dhidi ya Australia bila kutolewa. Kurudi si lazima urudi ulivyokuwa.

Mimi sasa narusha ova nne. Kasi haijarudi yote, labda haitarudi. Lakini nalalia ubavu wa kulia bila kuamka usiku, na hiyo sikuiuza kwa mechi yoyote.

Ombi langu ni dogo. Rafiki yako akikuambia bega linauma, goti linauma, mgongo unauma, kabla hujasema "jikaze," muulize: linauma wapi, na tangu lini? Maswali hayo mawili, nahodha wangu angeniuliza, labda ningekuwa na hadithi nyingine ya kuwapa leo.

Mjomba naye alituma salamu juzi kupitia mtu aliyekuja Lodwar. Anasema kofia anavaa kwa mkono wa kulia. Na anataka tyubu nyingine, ile ya kwanza vijana wa mtumbwi wameichukua.