Mambo ya Nyumbani: Matembezi ya Watoto Wakati wa Kipupwe

Mavuno yamekwisha ingia ghalani, shule zimefungwa, na upepo wa kipupwe wavuma nchini kwetu Singida. Wazazi wengi huuliza, "Tuwapeleke wapi watoto? Hapa kwetu bustani za michezo na pembea ni haba." Ni kweli. Lakini mahali pa kutembea hapakosekani. Akosekanaye mara nyingi ni mtu mzima wa kufuatana nao.

Mji wa Singida umekaa juu, mita 1,500 hivi toka usawa wa bahari, na kando yake yako maziwa mawili, Singidani na Kindai. Maziwa haya hayana mto wa kutokea. Maji ya masika yakiisha kuingia, hayaondoki ila kwa kukaushwa na jua na upepo, na chumvi hubaki nyuma. Mwonyesheni mtoto ukingo ulioachwa na maji yaliposhuka, naye atafahamu upesi kuliko kwa kusomewa kitabuni.

Singidani huja pia heroe, ndege wa miguu mirefu na rangi ya waridi. Huinamisha vichwa wakachuja majini vimea vidogo mno, na rangi yao yatokana na chakula hicho. Si kila mwezi mtawakuta, maana huhama ziwa hata ziwa. Mkiwakuta, watoto na wakae mbali, watazame kwa utulivu. Ndege afukuzwaye kwa mawe hapati kula.

Wapendao kupanda wana majabali ya itale, ambayo mengine yamepandana kana kwamba yamepangwa kwa mkono. Wala hakuna aliyeyapanga. Mwamba ulipasuka chini ya ardhi, maji yakala nyufa zake, kisha mvua za miaka mingi zikachukua udongo, yakabaki mabonge haya. Umri wa mwamba huo wapita miaka milioni 2,000. Mahali palipo wazi, upepo wetu wafaa sana kwa kurusha tiara; karatasi, vijiti na uzi vyatosha. Nao wakaao upande wa Iramba wana ziwa Kitangiri, ambako mtoto aweza kuwaona wavuvi wakileta samaki pwani.

Sasa neno lililo kubwa. Msidhani kwamba msipowapeleka watoto watakaa nyumbani. Watakwenda tu, tena peke yao, na ziwa halimjui mtoto wa mtu. Tope la ukingoni hushika miguu. Nyufa za mawe huwa na nyoka na nyuki. Jabali lililolowa huteleza. Kwa hiyo baba asiseme, "Hiyo ni kazi ya mama," wala mama asimwachie dada mdogo wa miaka tisa kuwalinda wenziwe. Aende mtu mzima, ahesabu watoto wakati wa kwenda na wakati wa kurudi, wala asiwaruhusu kuingia majini. Chukueni maji ya kunywa, maana ya Singidani hayanyweki. Viazi vya kuchemsha na karanga vyatosha kuwa chakula. Vaeni nguo nzito, kwa kuwa asubuhi baridi ni kali.

Tena tuvitunze vitu hivi. Twajua kwamba wako watu wapatao riziki kwa kuponda kokoto, wala hatuwalaumu, kwa maana nao wana watoto wa kulisha. Lakini jabali likipasuliwa halioti tena. Yafaa wazee wa mitaa wakubaliane mapema ni majabali yapi yaachwe, kabla hayajabaki mashimo. Kadhalika kila jamaa irudi na taka zake. Chupa iliyovunjika mchangani yamngoja mtoto wa mwingine.

Huenda siku moja tutapata pembea na bustani zenye maua, nasi tutafurahi. Lakini miaka ya utoto haingoji. Mtoto aliye na miaka saba kipupwe hiki, kipupwe kijacho atakuwa na minane, na punde si punde hatataka tena kushikwa mkono. Basi chagueni siku moja kabla shule hazijafunguliwa, kazi iwekwe kando, mtoke pamoja.