Kabla Mtoto Hajakanyaga Mchanga wa Unguja

Tuna neno sisi wazazi wa Nairobi, Thika, Kitengela na Rongai, na limetukaa kifuani muda mrefu. Mtu akitaka kuwapeleka watoto wadogo Unguja wakaione bahari kwa siku tano, hujiandaa miezi mitatu. Pasipoti, sindano, kadi ya manjano, bima, tiketi, dola, na baada ya hayo yote ndipo akumbuke nepi na kofia za jua. Safari yenyewe angani ni ya saa moja na ushei. Nauli inauma, lakini kinachotuchosha zaidi ni kuona kwamba walioupanga utaratibu huu walimfikiria msafiri mmoja mwenye begi moja, wala hawakumfikiria mama aliyembeba mmoja mgongoni huku amemshika mwingine mkono.

Tunaulizwa kwani Diani na Watamu zimekwenda wapi. Zipo, na wengi wetu tumezifaidi. Ila Desemba tiketi za treni ya Mombasa hugombaniwa siku nyingi kabla, vyumba vya pwani yetu hupanda bei, na familia ikipiga hesabu vizuri huona kwamba Nungwi haiko mbali sana na Diani kwa gharama. Isitoshe, kwenda ni haki yetu. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Arusha Novemba 1999, na itifaki ya soko la pamoja ikaanza kutumika Julai 2010 ikiahidi watu wa Jumuiya kusafiri kwa uhuru. Tunataka watoto wetu wakue wakijua kwamba ng'ambo ya mpaka kuna watu wanaoamkiana kwa Kiswahili na kula wali kwa samaki wa nazi, na kwamba huko si ugenini.

Kalenda ndiyo inayotubana kwanza. Mwenye watoto wa shule husafiri shule zikifungwa: Aprili, Agosti, kisha mwisho wa mwaka. Aprili Unguja ni masika. Mvua hushinda ikinyesha na baadhi ya hoteli hufunga kabisa. Agosti Ulaya nako shule zimefungwa, basi vyumba tunavigombania na watu wenye yuro. Wiki ya Krismasi haisemeki. Juni, mvua ikiwa imekatika na wageni hawajajaa, watoto wetu wako darasani. Mwenye mtoto wa miaka mitatu peke yake angeweza kuponea hapo, lakini akiwa na mwingine wa Gredi ya 2, hana la kuchagua.

Halafu karatasi. Tangu 2014 Mkenya aliye mtu mzima anaingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho chake cha taifa. Tanzania haikuingia katika mpango huo. Kwa hiyo kila kichwa, hata cha mtoto anayenyonya, kinahitaji hati yake. Ada ya pasipoti ya kurasa chache kabisa imeshapita shilingi 7,000, na mtoto wa miezi minane hulipiwa sawa na babake. Ipo hati ya muda ya kuvukia mipaka ndani ya Jumuiya, nafuu kwa mbali, lakini hatujaiona ikitangazwa kliniki wala shuleni, mahali ambapo wazazi wanapatikana. Kama familia inasafiri na yaya, naye ana hesabu yake ya hati na sindano, na ni haki alipiwe na mwajiri, maana anakwenda kazini.

Kinachotuuma zaidi hapa ni hali ya akina mama wanaolea peke yao. Pasipoti ya mtoto inataka ridhaa ya wazazi wote wawili. Baba alishakwenda zake, hatumi hata pesa ya maziwa, lakini sahihi yake inatafutwa. Sababu tunaielewa: watoto huibwa na kuvushwa mipaka, na sahihi ya mzazi wa pili ni ulinzi. Ulinzi huo hatuupingi hata kidogo. Tunachosema ni kwamba mama huyo aelezwe mlangoni, siku ya kwanza, ni kiapo gani kitakachosimama mahali pa sahihi hiyo. Asiachwe apange foleni nusu siku na mtoto mwenye njaa, kisha afike dirishani aambiwe arudi na wakili.

Homa ya manjano nayo ina mambo yake. Tanzania inamtaka kila anayetoka nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, Kenya ikiwamo, aonyeshe cheti cha chanjo, kuanzia mtoto aliyetimiza mwaka mmoja. Ugonjwa ni wa kweli. Bonde la Kerio lilionja mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ndiyo sababu watoto wa Baringo, Elgeyo Marakwet, Turkana na Pokot Magharibi huchanjwa bure wakifika miezi tisa. Mtoto wa Nairobi akifika miezi tisa hupelekwa kliniki kwa chanjo ya surua, na ya manjano hapewi. Mzazi anayetaka kusafiri lazima aitafute na ailipie mwenyewe.

Sasa tazama mtego ulipo. Cheti huanza kutambuliwa siku kumi baada ya sindano. Ukichanja wiki moja kabla ya safari, umelipia kadi isiyofaa. Zaidi ya hapo, chanjo ya surua na ya manjano hutolewa siku moja, au zipishane wiki nne. Mtoto wa miezi 18 aliyetoka kuchanjwa surua mara ya pili Jumatatu, akija kwa ya manjano Ijumaa, mzazi huambiwa asubiri mwezi. Tiketi imeshakatwa. Ni wazazi wangapi wanaoyajua haya kabla hayajawafika? Muuguzi anayejaza kijitabu cha mama na mtoto angeuliza swali moja tu, kwamba je, mnatarajia kusafiri, na familia nyingi zingepona. Jema lililopo ni kwamba tangu Julai 2016 dozi moja inatambuliwa maisha yote. Basi kadi hiyo ya mtoto itunzwe pamoja na cheti cha kuzaliwa, wala isiachwe kwenye mkoba wa nepi, kwa sababu ikipotea mzazi huanza tena kuhangaika na kulipa.

Upande wa ndege, mtoto aliye chini ya miaka miwili hupakatwa na hulipiwa sehemu ndogo ya nauli. Wengi tunalijua hilo. Wasilolijua wengi ni kwamba umri huhesabiwa kwa kila mguu wa safari. Mtoto akitimiza miaka miwili mkiwa ufukweni, atarudi na kiti chake na nauli yake. Kabla ya kukata tiketi, tazama tarehe ya kuzaliwa. Maziwa na uji wa mtoto huruhusiwa kupita ukaguzi kwa kiasi cha kutosha safari, ila uwe tayari kuvitoa na kuvionyesha.

Kisha bima. Oktoba 2024 Zanzibar ilianza kuwataka wageni wakate bima yake ya lazima, ikatangazwa kuwa dola 44 kwa mtu mzima. Hatukatai kwamba mgeni akiugua atibiwe na kisiwa kisibebe gharama. Ila wengi wetu tuliisikia habari hiyo kwa jirani au kwa mtu aliyerudi, na tulipoulizana mtoto analipa ngapi na jirani wa Afrika Mashariki anahesabiwaje, kila mtu alikuwa na jibu lake. Karatasi moja ya Kiswahili, inayotaja umri, uraia na kiasi, ingemaliza maneno. Ongeza ushuru wa miundombinu unaotozwa kwa kila mtu kwa kila usiku, ambao hauonekani kwenye bei uliyoonyeshwa mwanzo, na familia iliyokuwa ikiweka akiba polepole mwaka mzima inajikuta imepungukiwa siku ya mwisho.

Lakini jambo ambalo wazazi wa bara hatuambiwi na mtu yeyote, na ambalo lingetufaa kuliko picha zote za hoteli, ni mwendo wa maji. Picha hupigwa bahari ikiwa imejaa. Familia inalipia chumba Paje, Jambiani au Matemwe, upande wa mashariki, watoto wanaamka, wananywa chai, wanavalishwa maboya mikononi, wanashuka mbio ufukweni, na bahari haipo. Imepwa hadi mbali, karibu na mwamba, na mbele yao kuna mchanga, majani na vidimbwi. Mtoto wa miaka mitano analia. Baba anamuuliza mhudumu kama kuna tatizo. Hakuna tatizo, ndiyo bahari ya huko.

Mvuvi yeyote wa Unguja angekueleza kwa kuutazama mwezi. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiandama, ni bamvua: maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa saa kumi jioni. Yaani saa zile zile ambazo watoto wako tayari kuogelea, maji hayapo, na yanaporudi wadogo wamelala au wamechoka. Katikati ya hapo ni maji mafu, bahari haipandi sana wala haishuki sana, na asubuhi ya saa nne unayakuta maji yako karibu. Kila siku majira hayo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo mwenye watoto wadogo akiweza kuchagua wiki ya maji mafu, amewafanyia watoto wake jambo kubwa, na hakulipa hata senti. Asiyeweza kuchagua wiki achague upande: Nungwi na Kendwa, kaskazini, maji hayakimbii mbali kiasi hicho. Tunauliza kwa uchungu kwa nini wauza safari wa Nairobi, ambao wanalijua hili fika, hawaliandiki chini ya bei.

Na maji yakiwa yamepwa, si kwamba siku imekufa. Watoto wakae kwenye vidimbwi na mtu mzima, wavae viatu vya mpira, maana kwenye mawe kuna viumbe wa miiba mirefu myeusi ambayo ikivunjikia mguuni hutoka kwa shida. Waonyeshwe pia mashamba ya mwani ya akina mama wa Paje na Jambiani, zile kamba zilizofungwa kwenye vijiti, na waambiwe wasizikanyage. Ile ni riziki ya mtu. Inatukera sana kuona wenzetu wakiwaachia watoto wachezee kamba hizo kama vile zimewekwa pale kwa ajili ya mgeni.

Juu ya jua tuseme kwa ufupi, kwa kuwa wapo wanaodhani mtoto mweusi haungui. Anaungua. Aliye chini ya miezi sita akae kivulini, nguo nyepesi za mikono mirefu. Mkubwa wake apakwe krimu ya kuzuia jua na arudishiwe baada ya kutoka majini. Nunueni kabla ya kuondoka. Mbebe pia chumvi za kuongezea maji mwilini na vidonge vya zinki kwa kuhara, na dawa ya homa ya watoto. Zanzibar imeipunguza malaria sana, lakini mtoto wa Nairobi hakuizoea, na wanaopitia Dar es Salaam au Tanga hulala huko pia. Neti na dawa ya kujipaka visisahaulike. Waokoaji hawako kila ufuo, basi mtu mzima mmoja awe macho kwa zamu, simu ikiwa mfukoni.

Waliobaki ni wale wasioweza kulipia ndege. Hao hupanda basi, Namanga, Arusha, mpaka Dar es Salaam, kisha boti ya saa mbili hivi. Mpakani Namanga watoto huamshwa, hushushwa, hupanga foleni ya kutoka, foleni ya kuingia, na ya kuonyesha kadi ya manjano. Mzee mmoja wetu aliyepita huko na wajukuu alituambia kilichomsumbua si askari wala maofisa, waliokuwa wapole. Ni kwamba hakukuwa na mahali pa kumlaza aliyesinzia.

Haya tutawapelekea wabunge tisa wanaotuwakilisha katika Bunge la Afrika Mashariki, na wizara ya afya tutaiuliza kwa nini ile sindano isitolewe kliniki kwa anayeihitaji, siku ile ile ya surua. Wakituuliza waanzie wapi, waanzie Namanga: dirisha moja la wenye watoto wachanga, mabenchi, na maji ya kunywa.